Ngano Kutoka Televisheni Hadi Jukwaani: Kisa cha Tinga Tinga Tales Jijini Nairobi

Katika Barabara ya Harry Thuku, pembezoni mwa kitovu cha jiji la Nairobi, majengo matatu yamekaa karibu karibu: Chuo Kikuu, makao ya shirika la utangazaji la taifa, na Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza, lililofunguliwa mwaka 1952. Kwa mtazamo wa ujirani huo, mtu angedhani kwamba njia ya hadithi kutoka televisheni hadi jukwaani ni fupi mno. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Hadithi iliyopata umbo la televisheni haihamii jukwaani kama mpangaji anayehama nyumba na vyombo vyake. Sharti iundwe upya, na katika kuundwa huko hudhihirika kile ilichokuwa imepoteza.

Mfano unaofaa ni Tinga Tinga Tales, mfululizo wa katuni za watoto ulioanza kuonyeshwa mwaka 2010. Uliagizwa na BBC kwa ajili ya idhaa yake ya watoto, CBeebies, pamoja na kampuni ya Disney. Ukabuniwa na Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya London, na picha zake zikatengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz. Muziki ulitungwa na Eric Wainaina, Mkenya aliyesomea fani hiyo katika chuo cha Berklee, Boston. Jina na mtindo wa picha vilitoka Tanzania, kwa mchoraji Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), aliyeanzisha Dar es Salaam mtindo wa kuchora wanyama kwa rangi za kung'aa. Vilitengenezwa vipindi 52, kila kimoja cha dakika 11, kisha kazi ikakoma.

Takriban vipindi vyote hivyo ni ngano za usuli: kwa nini Nyoka hana miguu, kwa nini Kiboko hana manyoya, kwa nini Ndovu ana mkonga. Ni utanzu ambao kila jamii ya Afrika Mashariki inao. Lakini katika utambaji wa jadi, hadhira si watazamaji tu. Mtambaji hasemi "Paukwa!" kisha akaendelea na safari yake, husubiri "Pakawa!" Wasipomwitikia, hana ruhusa ya kuendelea. Akiona watoto wanasinzia, huongeza wimbo; akiona wanaogopa, humpunguzia Fisi ukali. Ngano, kwa hiyo, ni mapatano yanayofanywa upya kila usiku.

Televisheni haiwezi kufanya mapatano hayo. Katika mfululizo huu, Tumbili mwekundu ndiye mtambaji, na ni kweli kwamba huwasemesha watoto kwa uchangamfu. Hata hivyo, mtoto akimwitikia, Tumbili hamsikii. Kisa kitakwisha katika dakika ileile, kwa maneno yaleyale, mtoto awe anacheka au amelala. Kilichookolewa ni kisa. Kilichopotea ni tukio la kukisimulia.

Mwaka 2018 kazi hiyo ilizaliwa upya kama mchezo wa kuigiza wa nyimbo. Lloyd, Wainaina na Sheba Hirst waliiandaa kwa jukwaa, ikachezwa katika Jumba la Taifa, na mwaka huohuo ikapelekwa New York katika ukumbi wa New Victory, ambao ni wa watoto na jamaa zao. Tatizo la kwanza la uhamishaji wa namna hii ni la muundo. Kisa cha dakika 11 hakitoshi kushika jukwaa. Visa kadhaa havina budi kuunganishwa, na uzi wa kuviunganisha ni wimbo. Wimbo ambao katika televisheni ulikuwa kipambo cha kisa, jukwaani huwa ndio mgongo wake. Tatizo la pili ni la mwili. Ndovu wa katuni huchorwa mkonga. Ndovu wa jukwaani ni mtu, na mkonga wake hauwi mkonga mpaka watoto waliokaa mbele yake wakubali kuuona. Hapo mapatano ya zamani yanarejea: pasipo itikio, hakuna mnyama.

Thamani ya tukio hilo haionekani vyema bila kukumbuka historia ya jumba lenyewe. Mwaka 1976, wakati The Trial of Dedan Kimathi ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga, zilipotafuta nafasi humo, zilibanwa katika siku chache kwa sababu ukumbi ulikuwa umewekewa maonyesho ya kigeni, mojawapo likiwa mchezo wa nyimbo wa Kimarekani. Mwaka 1982, Maitũ Njugĩra, mchezo wa nyimbo wa wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, ulifungiwa mlango. Mazoezi yake yakahamia Chuo Kikuu, umbali wa hatua chache, nayo pia yakakomeshwa. Kwa hiyo ngano za wenyeji kuimbwa katika jumba hilohilo mwaka 2018 si jambo dogo.

Lakini Maitũ Njugĩra ilikuwa na kitu ambacho Tinga Tinga Tales haikuwa nacho: lugha ya wenye nyimbo. Mfululizo wa televisheni ulitungwa kwa Kiingereza, na mchezo wa jukwaani ukaendelea kubeba jina la Kiingereza. Jambo hili halitokani na London peke yake. Katika mitaa ya magharibi ya Nairobi, kama Lavington, Kileleshwa na Westlands, watoto wengi hulelewa kwa Kiingereza, na babu akija kutoka mashambani huhitaji mkalimani kwa wajukuu wake. Ukivuka kutoka Lavington hadi Kawangware, ambako ni mwendo wa miguu tu, watoto wanazungumza Kiswahili na Sheng. Lakini tiketi ya mchezo haifiki huko kwa wepesi.

Hasara hiyo si ya hisia tu, bali ni ya kisarufi pia. Kiingereza kinaweza kumtaja mnyama kwa kiwakilishi cha kitu, hivyo ngano hulazimika kumpandisha cheo. Kiswahili humpatanisha mnyama na mtu tangu mwanzo: Kiboko, japo jina lake lina kiambishi cha vitu, anacheka, anaona haya, anakimbilia majini. Ubinadamu wa wanyama, ambao ndio msingi wa ngano, umo tayari ndani ya sentensi kabla msanii hajaushika.

Yafaa kuhitimisha kwamba safari ya ngano hizi imefika nusu ya njia. Jukwaa limezirudishia hadhira iliyo hai. Bado hazijarudishiwa ulimi. Nusu iliyobaki haitatimizwa kwa kufasiri maneno ya katuni, kwani tafsiri ingeleta tena kisa bila tukio. Itatimizwa siku mtambaji atakaposimama katika jumba lile, aseme "Paukwa!", naye mtoto wa Lavington na mtoto wa Kawangware wajue, bila kufundishwa, neno la kumjibu.