Farasi wa Moto amerudi, na ugomvi wa zamani haujaisha

Tarehe 17 Februari 2026 Wachina walifungua mwaka mpya, na kwa hesabu yao ya kale mwaka huu ni wa Farasi wa Moto. Huja mara moja tu katika miaka 60. Ulipokuja mara ya mwisho, mwaka 1966, Japani ilizaa watoto 1,360,974. Mwaka uliotangulia walizaliwa 1,823,697, na mwaka uliofuata 1,935,647. Hapakuwa na vita, njaa wala tauni. Robo nzima ya uzazi wa taifa ilipotea kwa sababu wazazi waliogopa kupata binti wa Farasi wa Moto, ambaye iliaminika angekuwa na hasira isiyozimika na angemfupishia mumewe maisha.

Hofu hiyo ilikuwa na uso na jina. Mjini Edo, ambayo leo ni Tokyo, binti wa muuza mboga aitwaye Oshichi alitiwa moto hadharani mwaka 1683 kwa kosa la kujaribu kuchoma nyumba, akitaka apate tena nafasi ya kumwona kijana aliyempenda. Ihara Saikaku alikiandika kisa chake mwaka 1686, majukwaa ya maigizo yakakipokea, na watu wakasema Oshichi alizaliwa 1666, mwaka wa Farasi wa Moto. Basi ikawa. Hata mwaka 1906 uzazi ulipungua kidogo, na wapo wazazi waliowaandikisha mabinti wao kana kwamba walizaliwa mwaka wa jirani ili kuwaepusha na aibu siku ya kuposwa.

Hofu hii hujiita mtoto wa elimu ya Kichina ya nguzo nne za kuzaliwa. Mimi nimeufuata ukoo huo nyuma, nikiegemea maandishi mawili: wasifu wa mwanachuoni Lü Cai katika historia rasmi ya enzi ya Tang, na sherehe, yaani ufafanuzi wa kitabu cha kale, iliyoandikwa na mpiga bao Ren Tieqiao. Mmoja aliipinga elimu hii, mwingine aliula mkate wake. Wote wawili wangeikana hofu ya 1966.

Hesabu yenyewe ni hii. Wachina wana mashina 10 na matawi 12. Mashina ni nguvu tano, yaani mti, moto, udongo, chuma na maji, kila moja ikiwa na upande wa jua na upande wa kivuli. Matawi ndiyo wale wanyama wanaojulikana dunia nzima, kuanzia Panya hadi Nguruwe. Shina huoanishwa na tawi, na jozi 60 zikiisha mzunguko huanza upya. Mwaka una jozi yake, mwezi una yake, siku na saa vilevile. Mtu akizaliwa hubeba jozi nne, ambazo ni maandishi manane, na jina la elimu hii, bazi, halina maana nyingine zaidi ya hiyo. Msomaji wa pwani aliyewahi kumwona mzee wa falaki akijumlisha hesabu za jina la mtu na la mama yake ataielewa haraka. Tofauti ni kwamba Mchina hahesabu jina, huhesabu wakati.

Wapange wanyama wote 12 kwenye duara. Mnyama aliye ng'ambo ya pili, anayekutazama usoni, ndiye unayegongana naye: Panya na Farasi, Ng'ombe na Kondoo, Chuimilia na Nyani, Sungura na Jogoo, Joka na Mbwa, Nyoka na Nguruwe. Hiyo ndiyo migongano sita, na juu yake yapo makundi ya adhabu na ya madhara. Lakini duara hilohilo lina maungano pia, na mashina yana yake. La kupendeza kuliko yote ni kugeuka: shina la tatu, ambalo ni moto, likikutana na la nane, ambalo ni chuma, huungana kama mume na mke, na majira yakiwaruhusu, wote wawili huacha asili yao na kuwa maji. Na wapiga bao wa kale walishikilia kwamba tamaa ya kuungana humsahaulisha mtu ugomvi, kwa hiyo tawi lililokuwa linagongana likipata mwenzi wa kuungana naye hutulia.

Watu waliligombania jambo hili tangu mwanzo. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Wang Chong aliuliza: ikiwa Panya ni maji na Farasi ni moto, na maji huzima moto, mbona panya hamfukuzi farasi? Ikiwa Jogoo ni chuma na Sungura ni mti, mbona jogoo hamdonoi sungura akamla? Akaendelea hivyo, mnyama baada ya mnyama, mpaka banda zima likawa shahidi dhidi ya nadharia.

Hata hivyo ugomvi mkubwa ulizuka katika ikulu ya mfalme Taizong wa Tang. Mfalme aliona vitabu vya bahati, makaburi na nyumba vimejaa uongo na vimewashika watu mateka. Akamwita Lü Cai, mtu aliyeingia ikulu kwanza kwa ujuzi wake wa muziki, akampa wanachuoni zaidi ya kumi na kuwaamuru wavichuje. Walitoa juzuu 53 zilizosahihishwa, wakaongeza 47 za zamani zilizofaa, na mwaka 641 mkusanyiko wa juzuu 100 ukatangazwa nchini kwa amri ya mfalme.

Lü Cai hakuishia kupanga vitabu. Aliandika dibaji, na ile inayohusu majaliwa ya kuzaliwa ni kazi ya mtu aliyekasirika kwa adabu. Hakusema kwamba elimu hii ni dhambi wala upuuzi. Alichukua kanuni za watabiri wenyewe, akazipima kwa watu ambao historia iliwajua. Mtawala Zhuang wa Lu, kwa tarehe yake, alipaswa kuwa maskini, dhaifu, mfupi na mbaya wa sura. Mashairi ya kale yanamsifu kwa urefu na uzuri. Jambo moja tu jema lilikuwamo katika hesabu yake, kwamba angeishi sana, naye akafa na miaka 45. Mfalme wa kwanza wa Qin, aliyeiunganisha China yote, kanuni zilisema asingepata hata cheo. Wu wa Han, aliyetawala zaidi ya nusu karne, naye vivyo hivyo. Xiaowen wa Wei Kaskazini alipaswa asiuone uso wa baba yake, ilhali kiti cha enzi alikipokea mkononi mwa baba huyohuyo.

Kisha akaja kwenye migongano na maungano yenyewe, na hapa ndipo napenda msomaji atulie. Mwaka 260 kabla ya Kristo, baada ya vita vya Changping, jeshi la Qin liliwaua mateka wa Zhao ambao vitabu vya kale vinawahesabu kuwa 400,000. Lü Cai aliuliza: je, wote hao walizaliwa na zile adhabu tatu katika nguzo zao? Na wale watu wa Nanyang waliopanda vyeo pamoja na Liu Xiu alipourejesha ufalme wa Han, je, wote walizaliwa na yale maungano sita? Mji wa Liyang ulipozama ukawa ziwa, je, kila mkazi alikuwa na nyota moja? Na pacha waliotoka tumbo moja, mbona mmoja huzikwa mapema na mwingine huzeeka?

Sijaona hoja iliyo safi kuliko hii. Inamtetea yule askari wa Zhao. Mtabiri akisema umekufa kwa sababu ya mgongano wa nguzo zako, amemwondolea jenerali hatia yake. Lü Cai hakulikubali hilo, na mfalme wake akaipa kazi hiyo muhuri wa dola.

Amri ya dola haikuizima elimu. Karne moja na nusu baadaye Li Xuzhong alitabiri kwa mwaka, mwezi na siku, na rafiki yake Han Yu, mwandishi mkubwa wa zama zile, aliandika kwenye jiwe la kaburi lake kwamba katika watu mia hakumkosea hata mmoja au wawili. Li Xuzhong alifariki mwaka 813, na Han Yu huyohuyo, kwa uchungu, alimtaja baadaye kati ya wenzake waliouawa na dawa za kutafuta umri mrefu, zilizopikwa kwa zebaki. Wakati wa enzi ya Song jina la Xu Ziping likashika: saa ya kuzaliwa ikaingia kwenye hesabu, na shina la siku likawa ndilo nafsi ya mtu. Mwaka ukashushwa kiti. Hilo ndilo geuzo kubwa kuliko yote katika historia hii, na ndilo ambalo vitabu vya mitaani vimelisahau.

Mwaka wenyewe, hata hivyo, ulibaki na wateja wake. Kaifeng, mji mkuu wa Song, ulianguka mikononi mwa Wajurchen mwishoni mwa mwaka wa Farasi wa Moto ulioanza 1126, na mwaka wa Kondoo uliofuata wafalme wawili, baba na mwana, wakapelekwa kaskazini kama mateka. Hapo ndipo msemo wa balaa la farasi mwekundu na kondoo mwekundu ulipopata nguvu. Mwaka 1246, Farasi wa Moto tena, msomi Chai Wang alimpelekea mfalme kitabu kilichoorodhesha mara 21 ambazo miaka hiyo miwili ilikuja pamoja na misiba yake. Alitiwa gerezani kwa hilo, kisha akaachiliwa. Kitabu chake kilidumu kuliko gereza.

Wenye elimu yenyewe walikwenda njia nyingine. Shen Xiaozhan, ambaye kitabu chake kilichapwa mwaka 1776, alikazia kwamba mashina yanaweza kuungana bila kugeuka: kuna kizuizi katikati, au majira hayaafiki, au mmoja ana ndoa nyingine. Ilikuwapo pia kanuni moja rahisi, kwamba Joka, Mbwa, Ng'ombe na Kondoo ni maghala, na ghala lazima ligongwe ndipo mali itoke. Shen aliikataa. Ren Tieqiao naye aliikataa, na huyu ndiye niliyempenda zaidi.

Ren alizaliwa siku ya 18 ya mwezi wa nne mwaka wa 38 wa utawala wa mfalme Qianlong, ambayo ni Juni 7, 1773, kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Ameiweka chati yake mwenyewe katika sherehe aliyoandika juu ya kitabu cha kale kiitwacho Di Tian Sui, katikati ya mamia ya chati za watu wengine. Mwaka: maji juu ya Nyoka. Mwezi: udongo juu ya Farasi. Siku: moto juu ya Farasi, jozi ileile ya mwaka wetu huu. Saa: maji juu ya Joka. Ukiitafuta humo migongano hupati hata mmoja.

Na bado maisha yake yalivunjika. Anaeleza kwamba hakuweza kutimiza matumaini ya baba yake kwa kupata jina, wala hakuweza kuyalinda mashamba ya familia. Misukosuko ya nyumbani ikamaliza mali, na baba alipofariki akaishika elimu hii ili apate chakula. Kisha anailinganisha chati yake na nyingine iliyofanana nayo nguzo tatu nzima, na shina la mwaka pia. Tofauti ilikuwa neno moja: mwenzake alikuwa na Ng'ombe pale yeye alipokuwa na Nyoka. Tofauti ya maisha yao, anasema, ilikuwa kama ya mbingu na shimo.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba Ren anamlaumu Nyoka. Halaumu. Ng'ombe ni udongo wa baridi, uliolowa, hupunguza ukali wa moto wa kiangazi na huhifadhi maji. Nyoka ni moto wa kusini, na maji yaliyokaa juu yake hayana mzizi. Katika chati ya mtu aliyezaliwa kwenye theluji Nyoka huyohuyo angekuwa mkombozi. Mnyama hana uovu wake mwenyewe. Ana mahali pake, majirani zake na majira yake. Mtu aliyeiandika kanuni hiyo aliiandika kwa hasara yake, mbele ya kila msomaji, na ndiyo maana ninamwamini anapokataa kanuni za mkato.

Maandishi ya Ren yalikaa kwenye nakala za mkono hadi yalipochapwa Shanghai miaka ya 1930, wakati ambapo serikali ya Nanjing ilikuwa tayari imetoa, mwaka 1928, kanuni za kufuta kazi ya watabiri. Baada ya 1949 kazi hiyo ilipigwa vita zaidi bara, ikaendelea Hong Kong, Taiwan na Singapore. Leo iko kwenye simu. Programu hukuuliza mwaka tu, hukupa mnyama, hukuonya juu ya mgongano, hukuuzia kago. Kugeuka hakumo. Kuungana hakumo, ila kwenye ukurasa wa mapenzi. Ni hasara, kwa maana watu waliojibizana kwa karne nyingi kuhusu namna mbili zinazopingana zinavyoweza kuishi pamoja, au kuwa kitu cha tatu, wamepunguzwa wakawa tangazo la shanga nyekundu.

Japani ya leo ina wasiwasi mwingine. Mwaka 2024 walizaliwa watoto takriban 686,000 tu, na Farasi wa Moto hana mengi ya kupunguza. Lakini wako wanawake waliozaliwa 1966, waliosoma katika madarasa yenye madawati machache kuliko ya dada zao. Mwaka huu wanatimiza miaka 60. Kwa desturi ya Kijapani, anayekamilisha mzunguko huu huvishwa kizibao chekundu mbele ya watoto na wajukuu, kwa sababu jozi yake ya kuzaliwa imerudi. Wao watakivaa katika mwaka wa Farasi wa Moto.