Maji ya Kushtia: Profesa Abul Hussam na ndoo mbili zilizoshinda sumu

Wasikilizaji na wasomaji wetu, hasa nyinyi mnaoamka alfajiri kupanga bidoni kwenye bomba la kambi, historia ya leo inatoka mbali, inchini Bangladesh. Inahusu maji yaliyokuwa meupe kabisa, bila harufu wala ladha mbaya, lakini yakiua watu polepole.

Abul Hussam alizaliwa mwaka 1952 huko Kushtia, sehemu inayopakana na India, wakati inchi yake ilikuwa bado chini ya Pakistan. Alipokuwa kijana, mwaka 1971, vita vya uhuru vililipuka na watu karibu milioni 10 wakavuka mpaka kwenda India. Kipindupindu kikawafuata ndani ya kambi. Huko Bangaon, maji ya kutundika yalipoisha, daktari Dilip Mahalanabis aliagiza wagonjwa wanyweshwe maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari, na vifo vikapungua sana. Kwa hiyo ile pakiti ya ORS ambayo mama anapewa mtoto wake akihara, sifa yake ilianza kuenea kutoka kambi ya wakimbizi.

Katika miaka ya 1970, serikali ya Bangladesh, UNICEF na mashirika mengine walitaka raia waache kunywa maji ya madimbwi. Wakachimba visima vya bomba la mkono, na watu binafsi nao wakachimba vyao, mpaka vikafika mamilioni. Watoto waliokufa kwa kuhara walipungua. Nani angelalamika? Lakini hakuna aliyepima arseniki. Sumu hiyo imo ndani ya udongo ambao mito imeshusha kutoka milima ya Himalaya kwa maelfu ya miaka, na visima vifupi vilikuwa vinaifikia.

Daktari wa ngozi K. C. Saha, wa Kolkata nchini India, alianza kuwaona wagonjwa mwaka 1983: madoa meusi kifuani, viganja na nyayo kuwa ngumu kama gamba. Wengine baadaye walipata kansa. Ndani ya Bangladesh kwenyewe sumu iligunduliwa rasmi mwaka 1993. Mwaka 2000, jarida la Shirika la Afya Duniani lilichapisha makala iliyosema kwamba hiyo ndiyo sumu iliyowapata watu wengi kuliko zote katika historia: watu kati ya milioni 35 na 77 walikuwa hatarini.

Hussam wakati huo alikuwa Marekani. Alisomea kemia Dhaka, akapata udaktari wake katika Chuo Kikuu cha Pittsburgh mwaka 1982, na tangu 1985 akafundisha katika Chuo Kikuu cha George Mason, jimbo la Virginia. Kazi yake ilikuwa kupima: kujua ndani ya maji kuna nini, na kwa kiasi gani. Watu wengi huona kazi hiyo ni ndogo kuliko ya kuvumbua dawa, lakini bila kipimo hakuna anayejua adui yuko wapi. Alitengeneza njia yake ya kupima arseniki, akapima maji ya Kushtia, na akaikuta sumu hata ndani ya kisima cha familia yake mwenyewe.

Hapo ndipo yeye na mdogo wake Munir, daktari aliyebaki Kushtia, walipoanza kutafuta kichujio. Walijaribu kwa miaka mingi. Mwishowe walipata ndoo mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ina mchanga wa mtoni na tabaka la vipande vya chuma vilivyotayarishwa. Ya chini ina mchanga, makaa ya miti na vipande vya matofali. Chuma kinaposhika kutu, kutu hiyo inaikamata arseniki na kuishikilia. Hakihitaji umeme, wala dawa ya kuongeza kila siku. Kiliitwa SONO, na bei yake ilikuwa kama dola 40.

Wataalamu huita kazi ya namna hii kemia ya kijani. Mwaka 1998 Wamarekani Paul Anastas na John Warner waliandika kanuni zake 12, na ya kwanza inasema ni afadhali kuzuia uchafu kuliko kuusafisha baadaye. Kichujio cha Hussam kinaingia humo kwa sababu kile chuma kilichokwisha kazi hakirudishi sumu kwenye udongo. Kuondoa sumu kwenye ndoo na kuimwaga shambani kungekuwa kazi ya bure.

Tuseme wazi kwa familia zetu: SONO ilitengenezwa kwa arseniki. Kipindupindu, kile kilichoua maelfu ya wakimbizi Goma mwaka 1994, kinahitaji klorini au maji yaliyochemshwa. Arseniki ni kinyume: ukichemsha haitoki, maji yanapungua na sumu inabaki pale pale. Na maji ya eneo la volkeno zetu yana shida yake nyingine, floridi, inayotia madoa meno ya watoto. Kila maji yana mashtaka yake, na jicho peke yake haliwezi kuhukumu.

Mwaka 2007, Chuo cha Taifa cha Uhandisi cha Marekani kilimpa Hussam tuzo ya Grainger, dola milioni 1. Asilimia 70 aliitenga kwa kutengeneza na kugawa vichujio, 25 kwa utafiti, na 5 kwa chuo chake. Wakati huo zaidi ya vichujio 30,000 vilikuwa vinatumika.

Huko nyuma, serikali ilipima karibu visima milioni 5 na kuvipaka rangi: kijani ni salama, nyekundu ni sumu. Lakini mwaka 2016 shirika la Human Rights Watch liliandika kwamba watu karibu milioni 20 walikuwa bado wanakunywa maji yenye arseniki kupita kiwango cha inchi hiyo, na kwamba visima vipya vya kina kirefu mara nyingi viliwekwa karibu na nyumba za wafuasi wa wanasiasa.