Ukibadilisha saizi ya tairi, spidomita husoma vipi?

Spidomita huhesabu mizunguko ya gurudumu na kuigeuza kuwa kilomita kwa saa, kwa kufuata saizi ya tairi la kiwandani. Tairi likibadilika, hesabu hupotoka.

Hapa Unguja, wapo wanaofunga matairi makubwa ili gari iinuke kwa ajili ya njia za shamba. Chukua gari iliyokuja na 195/65 R15, tairi lenye kipenyo cha karibu milimita 635. Ukifunga 205/70 R15, kipenyo hufika 668, zaidi kwa asilimia 5. Mshale ukisoma 50, gari inakwenda karibu 53. Ukisoma 80, ni 84. Kilomita nazo huhesabiwa pungufu: umekwenda 100, zinaandikwa 95, na oili huchelewa kubadilishwa. Tairi dogo hufanya kinyume chake.

Barabara za kwenda Nungwi au Makunduchi hupita katikati ya vijiji, watoto na baiskeli wakiwa kando, na mwendo ukizidi gari huchelewa kusimama. Kabla ya kununua, soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Ukishafunga, linganisha mshale na spidi ya GPS ya simu. Asome abiria, si dereva.