Pareto: Ua Lisilotungiwa Kikuba

Ushairi wa pwani una maua yake: asumini, waridi, kilua, mkadi. Haya hutungwa vikuba, hufukizwa nguo, hutandazwa kitandani kwa bibi arusi, na kwa hivyo yana makao ya kudumu katika tungo. Lakini lipo ua jingine ambalo kwa miaka mingi limeulinda usingizi wa watu wa pwani, na wengi wao hawajapata kuliona likiwa bichi. Ua hilo ni pareto.

Atokaye Tunduma, mji wa mpakani wenye misururu ya malori, akaelekea milima ya Ileje, huuacha joto na kuingia katika ukungu. Huko, kama ilivyo kwa majirani zao wa Umalila mkoani Mbeya, wakulima wadogo huotesha pareto katika vijishamba vya miteremkoni. Petali zake ni nyeupe na moyo wake ni wa manjano. Ni ndugu wa krisanthemu, yale maua yakatwayo kwa kupamba meza. Wanabotania waliliita Chrysanthemum cinerariifolium kabla ya kulihamishia katika jenasi ya Tanacetum. Mmea huu hauchanui vyema pasipo usiku wa baridi, na ndiyo sababu Unguja haiwezi kuuotesha kwa faida.

Wachumaji, aghalabu wanawake, hurudi katika mstari uleule kila baada ya wiki mbili au tatu. Hutwaa kichwa cha ua tu, kikiwa kimefunguka kwa kiasi chake. Kilo 4 hadi 5 za maua mabichi, zikishaanikwa, hutoa kilo 1 kavu. Sumu iwaangushayo wadudu imo zaidi katika vijimbegu vya ule moyo wa manjano. Petali, ambazo mshairi angezisifu kwanza, karibu hazina kitu.

Asili ya ua hili nayo ni pwani: Dalmatia, kando ya bahari ya Adriatiki. Mbegu zake zilimfikia Ueyama Eiichiro huko Japani mwaka 1886, naye mwaka 1890 akatengeneza vijiti vya kufukizia mbu, mfano wa udi. Vijiti vilikwisha upesi mno. Yasimuliwa kuwa mkewe, Yuki, ndiye aliyependekeza visokotwe kama nyoka aliyejikunja, na msokoto huo ukaingia sokoni mwaka 1902. Nchi iliyoifanya krisanthemu kuwa nembo ya mfalme wake ndiyo iliyomchoma ndugu yake chetezoni, na haikuona aibu.

Pareto ilianza kulimwa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920, na Tanganyika katika miaka ya 1930. Vita Kuu ya Pili vilipoyakatia masoko ya Magharibi pareto ya Japani, milima ya Afrika Mashariki ndiyo iliyotegemewa. Neema hiyo haikudumu. Mwaka 1949 wanakemia wa Marekani walitangaza alethrini, sumu ya kuundwa kwa kuiga ile ya pareto. Na mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, wakatangaza pemethrini, ambayo haiharibiwi upesi na mwanga wa jua kama ile ya asili. Moshi wa msokoto unaochomwa leo barazani, na dawa iliyomo katika chandarua, kwa kawaida ni watoto wa maabara hizo.

Hivyo mkulima wa Ileje hushindana na kivuli cha ua lake mwenyewe. Hushindana pia na Tasmania, huko Australia, ambako pareto huvunwa kwa mashine. Kilichombakishia soko ni sifa ileile iliyohesabiwa kuwa kasoro: sumu ya pareto huvunjika juani, isibaki muda mrefu katika chakula wala udongoni.

Maua makavu hupimwa kwa kilo, hushindiliwa magunia, kisha hupelekwa kiwandani Mafinga. Huko husagwa na kukamuliwa, na sehemu kubwa ya pareto hiyo huondoka nchini ikiwa mafuta mazito, isiyo na petali hata moja.