Masikio ya Mbwa na Sababu za Kisu

Desturi ya kumkata mbwa masikio na mkia ni ya kale kuliko miji mingi, na katika kila zama imetafutiwa sababu mpya. Anayetaka kuipima kwa mizani ya haki hana budi kwanza kuifuata nyuma katika historia, maana mengi yasemwayo leo katika vitongoji vya Ilemela kuitetea yalikwisha kusemwa zamani na watu wengine, katika nchi nyingine, kwa nia nyingine.

Ilemela ni upande wa kaskazini wa jiji la Mwanza, nayo ilifanywa manispaa mwaka 2012. Ukitoka Kirumba, penye soko la samaki la Mwaloni, ukapita Pasiansi na uwanja wa ndege hata Bugogwa na Igombe, utakutana na mbwa wa namna mbili. Wa kwanza ni mbwa wetu wa kienyeji, mwenye rangi ya mchanga, mwembamba, masikio yake mazima na mkia wake umepinda juu ya mgongo, alaye mabaki ya dagaa na sangara ufukoni. Wa pili hukaa nyuma ya ukuta, kwenye lango lenye kibao cha maneno mawili: Mbwa Mkali. Huyu aghalabu ni chotara, damu yake imechanganyika na ya mbwa wa Kizungu, na baadhi ya wenziwe wamekatwa mkia ukabaki kigutu, au masikio yakachongwa yasimame kama pembe. Sisemi kuwa kila ukuta una mbwa wa hivyo. Wachache watosha kuzua swali.

Mwenye mbwa huyo akiulizwa sababu, hujibu kuwa mbwa asiye na masikio marefu huwa mkali na husikia vyema. Wala jibu hili si la mjini peke yake. Wako wafugaji vijijini, si Usukuma tu bali katika Afrika ya Mashariki kwa upana wake, wasemao hivyo hivyo. Lakini sikio la nje ndilo likusanyalo sauti na kuipeleka ndani, na mbwa huligeuza huku na huku apate kujua sauti yatoka wapi. Kulipunguza hakumwongezei mbwa kitu. Mfugaji wa Kisukuma wa zamani, aliyelala usingizi huku fisi wakizunguka zizi, alimtegemea mbwa kwa sababu ya masikio yale. Ama ukali hutokana na malezi, njaa, kufungwa mnyororo na hofu. Haujapata kukaa katika ngozi ya sikio.

Sababu ya kale iliyoandikwa ni ngeni zaidi. Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, Mrumi Columella aliandika vitabu juu ya kilimo na ufugaji. Humo asimulia kuwa mtoto wa mbwa wa mchungaji afikapo siku ya arobaini akatwe ncha ya mkia kwa meno, na mshipa uvutwe utoke. Kwa njia hiyo, waliamini wachungaji wa siku zile, mkia hautarefuka kupita kiasi na mbwa hatashikwa na kichaa. Basi kisu, au tuseme jino, lilianza kama dawa. Tusiwacheke mno watu hao. Walikuwa wakiogopa ugonjwa wa kweli, uuao bila huruma, nao hawakuwa na kinga. Kinga ya kumwokoa mtu aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa ilipatikana mwaka 1885 kwa kazi ya Mfaransa Louis Pasteur, na tangu siku ile hoja ya Columella haikuwa na pa kusimama.

Ipo hoja nyingine ya wachungaji, kwamba mnyama mkali humshika mbwa kwa sikio, kwa hiyo heri lisiwepo. Varro, Mrumi aliyemtangulia Columella kwa miaka mia na zaidi, alitaja njia nyingine ya kumlinda mbwa: ukosi wa ngozi wenye misumari, uliofungwa shingoni ili mnyama wa mwitu aogope kumng'ata. Dawa isiyomwaga damu ilijulikana zamani hizo zote, lakini haikuzuia kisu kuendelea.

Uingereza ilitoa sababu zake. Mwaka 1796 serikali iliweka kodi ya mbwa, na yasimuliwa kuwa mkia uliokatwa ulikuwa alama ya mbwa wa kazi asiyetozwa kodi. Mbwa wa kupiganishwa nao walikatwa masikio ili adui asipate pa kushika; mchezo huo ukapigwa marufuku kwa sheria mwaka 1835, lakini masikio yakaendelea kukatwa, safari hii kwa ajili ya uzuri wa maonyesho. Kennel Club, chama cha wafuga mbwa wa nchi ile, kilianzishwa mwaka 1873. Mwaka 1895 mrithi wa ufalme, ambaye baadaye alitawala kwa jina la Edward wa Saba, aliunga mkono wenye kutaka kisu kiwekwe chini, na kabla karne haijaisha mbwa aliyekatwa masikio alikuwa amefungiwa milango ya maonyesho ya chama hicho. Angalia jinsi mambo yalivyokwenda: vita vya mbwa vilikufa, na sura ya mbwa wa vita ikabaki kuwa pambo.

Sura ambayo watu wa Ilemela huiga haikutoka Uingereza, bali Ujerumani. Katika mji wa Apolda aliishi Louis Dobermann, aliyefariki mwaka 1894, naye ndiye aliyezalisha mbwa mweusi wa ulinzi anayeitwa kwa jina lake. Chama cha wafugaji wa mbwa huyo kiliundwa Apolda mwaka 1899, wakati Wajerumani wenzao walikuwa wameshika boma la Mwanza na kuitawala nchi ya Wasukuma. Masikio yaliyosimama na mkia mfupi wa mbwa huyo si vya kuzaliwa navyo. Mtoto wake huzaliwa na masikio ya kulala na mkia mrefu kama mbwa mwingine yeyote. Anayemwona katika filamu na picha huidhani kazi ya kisu kuwa kazi ya Mungu, kisha humkata chotara wake ili afanane na picha. Na Ujerumani yenyewe? Ilikataza kukata masikio tangu mwaka 1987, na kukata mikia tangu 1998. Nchi za Ulaya zilifanya mapatano juu ya wanyama wa nyumbani huko Strasbourg mwaka 1987, na humo kukata masikio na mkia kwa ajili ya sura kumekatazwa. Afrika Kusini, baraza la madaktari wa wanyama liliwazuia madaktari kukata mikia tangu mwaka 2008. Hivyo sisi twaiga umbo ambalo wenyewe wamekwisha kulitupa.

Msomaji aweza kusema: mbona twachanja masikio ya ng'ombe kuwa alama, na madume twayahasi? Swali ni la haki. Watu wa pwani wasomao Kurani hulikuta karibu nalo katika Sura ya Nne, ambamo kukata masikio ya wanyama kumetajwa miongoni mwa vishawishi vya Shetani. Waarabu wa kale waliwachana masikio wanyama waliowekwa wakfu kwa miungu yao. Kwa hiyo shaka juu ya kisu hiki haikuletwa na Wazungu. Nami naona tofauti ni hii: alama ya ng'ombe huzuia ugomvi wa mali na wizi, jambo lenye uzito kwa jamii ya wafugaji, ingawa hata hapo yafaa kutafuta njia yenye maumivu machache. Sikio la mbwa likikatwa, halizuii ugomvi wa mtu yeyote.

Hoja yenye nguvu kuliko zote ni ya mbwa wa kazi, kwamba mkia wake huumia vichakani. Uskoti iliikubali: ilikataza kukata mikia mwaka 2007, kisha mwaka 2017 ikaruhusu tena kwa baadhi ya mbwa wa kuwinda. Hata hivyo wataalamu waliochunguza mbwa wa Uingereza walionyesha mwaka 2010 kuwa yapasa kukata mikia ya mbwa wapatao 500 ili kuzuia jeraha moja la mkia. Mwenye kutetea kisu aeleze deni la wale 499.

Na deni lipo. Mkia una pingili za mifupa na mishipa ya fahamu, na kwa kawaida hukatwa mtoto akiwa na siku chache tu, mara nyingi bila ganzi. Masikio hukatwa baadaye, kati ya juma la saba na la kumi na mbili, kisha hufungwa wima kwa majuma mengi. Tena mkia ni ulimi wa mbwa. Watafiti wa Kanada walitengeneza mbwa wa bandia mwenye mkia wa kuchezeshwa, na mwaka 2008 walieleza kuwa mbwa wengine waliusoma vyema mkia mrefu, wakaukaribia ulipotikiswa na kuukwepa uliposimama kimya. Mkia mfupi hawakuweza kuusoma. Mtoto wa jirani aingiaye uani Nyamanoro naye husoma mkia na masikio kabla hajanyosha mkono. Mbwa aliyenyimwa vyote viwili hana njia ya kumwonya ila meno.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, nayo yakataza kumtesa mnyama bila sababu ya lazima. Lakini sheria yahitaji watu wa kuifuata, na ukuta mrefu huficha mengi. Kuna kipimo kingine kilicho karibu nasi zaidi. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kuwa watu wapatao 1,500 hufa kila mwaka katika Tanzania kwa kichaa cha mbwa, wengi wao wakiwa watoto. Wataalamu husema kuwa ugonjwa huu hukoma panapochanjwa mbwa 70 katika kila 100. Mtu wa Ilemela mwenye fedha ya kumlipa mkataji masikio ana fedha ya chanjo. Columella alikata mkia kwa hofu ya kichaa kwa kuwa hakuwa na kingine cha kufanya. Siku hizi kwa desturi mtoto wa mbwa huchanjwa kichaa akitimiza miezi mitatu; kufikia umri huo, nyuma ya malango mengine, masikio yake yamekwisha kuchongwa, na chanjo bado haijaulizwa.