Ufa Uliokitenga Kisiwa cha Pemba

Chokocho, kusini mwa Pemba, ndipo watu wanapopandia vyombo kwenda Kisiwa Panza. Maji ya hapo ni ya mikoko, mengine ya kupigia pondo tu. Lakini toka nje upande wa magharibi, uelekee Tanga, uone sakafu ya bahari inavyoporomoka: Mkondo wa Pemba unafika kina cha mita 800 hivi, ilhali ule wa Unguja haufiki hata 100.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Bahari ilipopungua zama za barafu, Unguja iliungana na bara, na wanyama wakavuka kwa miguu; ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui. Pemba ilikuwa imeshakatwa zamani, nayo ikabaki na viumbe wake wenyewe, kama yule popo mkubwa wa Kidike na njiwa wa Pemba. Wanajiolojia wengi wanakubaliana kwamba kilichoitenga ni mipasuko mikubwa ya ardhi, upande mmoja ukididimia na mwingine ukibaki juu.

Mtu angeijuaje mipasuko iliyofunikwa na maji na matope? G. M. Stockley, aliyetoa ripoti ya jiolojia ya Zanzibar mwaka 1928, alitegemea miamba inayoonekana na mabaki ya viumbe yaliyogeuka mawe. Miaka ya 1950 zikaja kampuni za BP na Shell na njia nyingine, iliyojaribiwa Oklahoma, Marekani, mwaka 1921 na J. C. Karcher na wenzake: unatikisa ardhi, halafu unarekodi mwangwi unaorudi kutoka kwenye tabaka za chini. Mwaka 1962 kikachimbwa kisima cha Pemba-5, kikashuka karibu mita 3,900. Mafuta ya kuuza hayakupatikana.

Picha inayotokana na mwangwi huo ina mistari myeusi na myeupe inayokwenda sambamba kama milia ya mkeka, kisha ghafla yote inakatika na kuendelea chini kidogo. Pale ilipokatika ndipo penye mpasuko. Kwa miongo kadhaa kazi ya kuutafuta ilikuwa ya jicho na penseli ya rangi, karatasi baada ya karatasi, na wataalamu wawili waliweza kuchora mipasuko tofauti kwenye picha ileile.

Mwaka 1995 Mike Bahorich na Steve Farmer wa kampuni ya Amoco walionyesha kwamba kompyuta inaweza kulinganisha kila mwangwi na jirani zake; panapokosekana mfanano, mpasuko unajitokeza wenyewe. Mwaka 2002 watafiti wa kampuni ya Schlumberger wakaja na programu iliyoiga mwendo wa siafu kufuata nyufa hizo. Kisha mwaka 2019 mtafiti Xinming Wu na wenzake wakaifundisha kompyuta kwa picha 200 tu, zote za kutengenezwa, ikaweza kutambua mipasuko katika data halisi.

Mbinu hizo zilipokuwa zikikua, Pemba ilipoteza miaka mingi katika mabishano ya iwapo mafuta ni jambo la Muungano. Sheria za 2015 na 2016 zilifungua njia, meli ya BGP Explorer ikapima bahari kuanzia mwishoni mwa 2017, na Oktoba 2018 Zanzibar ikatiliana saini mkataba wa mafuta na kampuni ya RAK Gas.

Hapa nina wasiwasi, na sioni sababu ya kuuficha. Vipimo hivyo ni vya mstari mmoja mmoja, na kati ya mstari na mstari pana nafasi ambayo hakuna programu inayoweza kuiona. Programu nyingi zilizotajwa hapo juu zinataka data ya pande tatu. Tena mpasuko ndio unaoamua kila kitu: huohuo unaweza kuyazuia mafuta yakakaa, au ukayapa njia ya kupanda juu. Huko Tundaua, hapahapa Pemba, mafuta hujitokeza yenyewe ardhini. Mashine ikikosea mahali pa mpasuko, kisima kinachimbwa pasipofaa.

Kwa hiyo mamlaka ya mafuta ya Zanzibar na Chuo Kikuu cha Taifa cha huko wakae pamoja, mistari ya zamani ya BP iingizwe kwenye kompyuta, na vijana wa Chokocho, Kengeja na Mkoani wafundishwe kuisoma, kabla mtu wa mbali hajawasomea.