Kukarabati si Kurudishia

Mwanza ukitaja bodi, malizia sentensi. Mkulima wa Magu atadhani unasema Bodi ya Pamba, na mawazo yake yatakimbilia bei ya kilo. Fundi wa Igogo atadhani unasema bati la gari. Sarufi imejitahidi kuwaamua: ile ya wakurugenzi ni bodi ya, na hii ya gereji mafundi wengi huiita bodi la. Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha mkutano wa mwaka na madigadi.

Madigadi nayo yana kisa chake. Waingereza walikuja na neno moja la kuzuia tope. Waswahili wakasikia ma- mwanzoni, wakaona huu ni wingi, basi umoja wake lazima uwe digadi. Kwa hiyo gari letu lina madigadi manne, na likigongwa upande mmoja linabaki na madigadi matatu mazima. Hakuna kamati iliyokaa kupitisha jambo hilo. Lilipitishwa barabarani, kama kiplefti na viplefti vyake.

Ni madigadi hayo yaliyonipeleka Igogo. Rafiki yangu amerithi Peugeot 404 ya marehemu baba yake, aina iliyowahi kutamba kwenye mbio za Safari miaka ya 1960, na anataka irudi kama alivyoijua utotoni. Fundi hakutaka maelezo mengi. Alichukua sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu, akaiviringisha kitambaa, akaitembeza ubavuni mwa gari. Kwenye mlango wa mbele ikang'ang'ania. Kwenye mlango wa nyuma ikang'ang'ania. Ilipofika juu ya tairi la nyuma ikateleza na kuanguka mchangani.

"Mzee," akaniambia, "hapa hakuna gari. Hapa kuna puti."

Nimeibeba sentensi hiyo tangu siku ile. Gari lilikuwa limetengenezwa mara nyingi, na kila fundi aliyepita alinyoosha kidogo, akapaka puti, akapiga msasa, akapuliza rangi. Kila mmoja alikuwa na haki ya kusema amelikarabati. Na kila ukarabati uliondoa kipande cha gari na kuacha umbo lake.

Sasa fikiria sumaku ile ikitembezwa kwenye limuzini ya zamani. Siku hizi limuzini kwetu ni gari refu la kukodi siku ya harusi, lakini mwanzoni urefu haukuwa hoja. Limuzini ilikuwa gari lenye kioo kati ya dereva na bosi, ili bosi aongee mambo yake bila dereva kusikia. Jina limetoka Limousin, jimbo la Ufaransa, na inasemekana ni kwa sababu ya kofia za wachungaji wa huko zilizofunika kichwa na mabega. Vazi la mchunga mifugo limeishia kuwa gari la gavana.

Magari hayo hayakutoka kiwandani yakiwa kamili. Hadi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Rolls-Royce ilikuwa ikiuza gari lisilo na gari: chesisi, injini, magurudumu, usukani. Mnunuzi alilipeleka kwa waunda bodi, Hooper au Park Ward au James Young, na hao walisimamisha mifupa ya mbao kisha wakaivisha mabati yaliyopigwa kwa mkono, mara nyingi ya alumini. Kwenye alumini sumaku haishiki. Ingeanguka kuanzia boneti hadi buti, na fundi wangu angesema hakuna gari, kumbe gari lipo lote. Phantom IV, iliyoundwa kati ya 1950 na 1956 kwa ajili ya wafalme na wakuu wa nchi, yalitoka magari 18 tu. Tanzania tunayo Rolls-Royce yetu, ile iliyotumiwa na serikali ya kikoloni kisha na Mwalimu Nyerere. Iko Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Chesisi tumeitoa kwa Waingereza, na wao waliitoa kwa Wafaransa, ambako ukoo wake unaishia kwenye neno la Kilatini lenye maana ya sanduku. Sanduku hilohilo lilipitia kwa Wareno likatufikia pwani likiwa kasha. Kwa hiyo chesisi na kasha ni binamu waliokutana Afrika Mashariki bila kutambuana, na keshi ya kumlipia fundi ni ndugu yao wa tatu. Waunda bodi wenyewe huitwa kwa Kiingereza kwa jina la gari la farasi lililotokana na Kocs, kijiji cha Hungaria. Wanafunzi wa Oxford katika karne ya 19 walimwita mwalimu wa kuwavusha mtihani kwa jina la gari hilo, neno likahamia michezoni, na leo kocha wa Pamba Jiji anabeba jina la kijiji hicho. (Kochi la sebuleni lisikudanganye. Hilo ni la ukoo wa kulala.)

Nirudi kwenye kukarabati. Silichukii neno hili, ila limelemewa. Tunakarabati choo cha shule, tunakarabati uwanja, tunakarabati meli. MV Victoria ilitengenezwa Scotland, ikasafirishwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi 1961. Mwaka 2020 ilirudi ziwani ikiwa na injini mpya, uwezo wa abiria 1,200 na tani 200 za mizigo, na jina jipya: New Victoria Hapa Kazi Tu. Hapo neno lilitosha kabisa. Abiria wa Bukoba hana haja na injini ya 1961, haja yake ni kufika. Lakini mwenye limuzini ya zamani akifungiwa injini mpya na kuandikiwa jina jipya ubavuni, atalia. Kazi hizi mbili zinapingana, nasi tumezipa neno moja.

Kwa kazi ya pili wengine wanapendekeza kuhuisha. Hilo limekwishachukuliwa na watu wa taarifa na takwimu, wanaohuisha kila kitu ili kiwe kipya, na sisi tunatafuta kinyume chake. Wengine wanasema kufufua. Tamu, ila gari lililofufuka linaweza kuwaka na kutembea likiwa na bodi la puti tupu.

Neno nililipata palepale Igogo, nalo fundi hakujua kama ni istilahi. Alikuwa amepanga vitu juu ya gunia: vitasa, taa, vipande vya nikeli, skrubu kwenye kopo la maziwa. Nikamuuliza hivi vyote vya nini. "Hivi tutamrudishia," akasema.

Tutamrudishia! Mafundi hulitumia kila siku kwa maana ya kufunga tena kilichofunguliwa, lakini litazame kwa karibu. Baada ya rudi kuna -sha, mtu anayefanya kitu kirudi. Kisha kuna -ia, yule anayerudishiwa. Unamrudishia mtu chake. Huwezi kumrudishia asichokuwa nacho. Kurejesha kunatazama hali, kukarabati kunatazama ubovu, na kurudishia peke yake ndiko kunakotambua kwamba gari lina mali yake, na sisi ndio tunaodaiwa. Kikitoka kwa kinyozi wa maneno, kitenzi hicho kitatupa urudishiaji. Ni kirefu mdomoni, nakubali.

Limebaki tatizo la jina la mifupa ya mbao, ile iliyo chini ya bati, ambayo fundi bodi haijui kwa kuwa magari yetu hayana. Hapo twende mwaloni Kirumba, kwa wanaounda mitumbwi. Wao ndio waunda bodi wa kweli wa mji huu: mbao kwanza, umbo baadaye, pamba ya kuziba mwisho. Pwani mbavu za chombo huitwa mataruma. Reli ilipokuja, mbao zinazolalia njia nazo zikaitwa mataruma, na mwaka 1928 mataruma hayo yakafika Mwanza. Neno lililotoka jahazini likapanda treni halitashindwa kuingia ndani ya mlango wa limuzini.

Ombi langu kwa BAKITA ni dogo. Siku mtakayokaa kuandika istilahi za magari ya kale, waiteni na fundi bodi mmoja wa Igogo na mwunda mitumbwi mmoja wa Kirumba, na nauli yao muilipe kabla ya kikao.